Jua la Ghorofa ya Mwisho

Nairobi kuna imani moja ambayo karibu kila anayetafuta nyumba huwa nayo: kwamba ukipanda ngazi hadi zikaisha, utapata jua. Ndiyo maana wakala hukwambia "hii iko juu kabisa" kwa sauti ya mtu anayekuongezea nyama kwenye sahani. Unapanda ghorofa sita, saba, magoti yanalalamika, mlango unafunguliwa, na ndani ni giza la stoo. Saa nane mchana inabidi uwashe stima ndio uone kiatu cha pili kiko wapi.

Sababu ni rahisi ukishaiona. Urefu wa jengo hauleti mwanga ndani. Tundu ndilo linaloleta. Unaweza kuwa ghorofa ya saba, lakini kama chumba ni kirefu kama basi na dirisha ni moja, tena linaangalia korido, na jirani amepandisha yake ya nane hatua mbili kutoka hapo, basi umelipia ngazi tu.

Ukiuliza watu ufanye nini, majibu huja haraka: paka rangi nyeupe, weka kioo kikubwa, toa hayo mapazia mazito, nunua balbu ya maana. Ushauri huu si mbaya, na nitaurudia. Lakini kinachonivutia ni kwamba mbinu nyingi za aina hii zilienea mahali ambapo anayeishi ndani hakuwa na uwezo wa kutoboa ukuta. Ni mbinu za wapangaji. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei ya rangi, kuna maswali mengine ya kuuliza: ukuta ni wa nani, paa ni la nani, na hiyo anga hapo nje ya dirisha ni ya nani?

Mwaka wa 1696, chini ya Mfalme William wa Tatu, Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha. Serikali ilihitaji pesa, na dirisha lina sifa moja tamu kwa mtoza kodi: linahesabika kutoka barabarani. Huhitaji kuingia kwa mtu wala kumuuliza anapata ngapi. Tajiri ana nyumba kubwa, nyumba kubwa ina madirisha mengi, hesabu imeisha. Kwenye karatasi ilionekana kodi ya haki kabisa.

Shida ilikuwa kwenye nyumba za kupanga. Jengo lenye familia nyingi lilihesabiwa kama nyumba moja na bili ikaenda kwa mwenye jengo, ambaye mara nyingi hakuwa analala humo. Wengi walifanya kile ambacho landlodi yeyote wa leo angefanya. Waliziba madirisha, na walipojenga mapya wakajenga machache. Kodi ilipigwa kwa mwenye mali, giza likalipwa na mpangaji. Mambo hayo yalidumu miaka 155, hadi kodi ikafutwa mwaka wa 1851. Kioo chenyewe pia kilitozwa ushuru hadi 1845. Katika mitaa ya zamani ya London bado utaona kuta zenye umbo la dirisha lililojazwa matofali, ingawa mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo kwa urembo tu. Ufaransa nayo ilikuwa na kodi yake ya milango na madirisha kuanzia 1798, na haikuiacha hadi 1926. Victor Hugo aliikasirikia kiasi cha kumpa askofu wa *Les Misérables* mahubiri juu yake.

Ila mtu wa Pipeline au Huruma akitaka kujiona kwenye historia hii, asitafute London. Aende New York.

Kiwanja cha kawaida cha Manhattan kilikuwa futi 25 kwa 100. Kwa sisi tuliolelewa na hesabu ya hamsini kwa mia, hiyo ni nusu ploti. Wajenzi wa katikati ya karne ya 19 waliinua juu yake majengo ya ghorofa tano au sita yaliyokula karibu ardhi yote, vyumba vikiwa vimepangana kama mabehewa ya treni. Cha mbele kilikuwa na dirisha la barabarani, cha nyuma kilikuwa na la uani, na vya katikati havikuwa na kitu. Watu walilala humo, wakashona nguo za kuuza humo, wakazalia humo.

Mwaka wa 1879 jiji likapata sheria: kila chumba cha kulala kiwe na dirisha la kuingiza hewa ya nje. Sikiliza sasa wajenzi walivyojibu. Walibana jengo kiunoni kidogo, kama inchi 28 hivi kwa kila jengo, ili majengo mawili yakisimama bega kwa bega pabaki kisima chembamba katikati yao. Dirisha likafunguka kwenye kisima hicho. Sheria imetimizwa, kodi za vyumba zinaendelea kuingia. Kisima kikawa pa kutupa taka, pa kusikilizia ugomvi wa jirani, na moto ulipozuka kikawa bomba la kuupandisha juu.

Hapo ndipo ghorofa ya juu ilipopata faida yake. Mwanga ulioingia kisimani ulimfikia kwanza mtu wa juu, na kila ghorofa ulizoshuka ulipungua, hadi wa chini akabaki na harufu. Lakini wa juu naye alilipa kwa njia nyingine: ngazi akiwa na ndoo za maji na makaa, na paa lililopikwa na jua la Julai mpaka familia nzima ikahamia kulala juu ya paa lenyewe. Ghorofa ya juu ilikuwa ya watu wasio na uwezo wa kuishi chini yake. Wenye pesa walianza kuitamani baada ya lifti kuenea.

Kisha ikaja sheria ya 1901, na hii ndiyo ninayoipenda. Kwa majengo mapya ilidai ua wa kweli badala ya ule ufa. Kwa yale ya zamani, ambayo hakuna mtu angeyabomoa, iliamuru kitu kidogo chenye akili: chumba kisicho na dirisha la nje kikatiwe dirisha la ndani, la futi mraba 15, kwenye ukuta unaokitenga na chumba chenye mwanga. Dirisha kati ya chumba na chumba! Wakati huo maofisa wa jiji walikuwa wakizungumzia vyumba vya ndani vyenye giza zaidi ya 350,000. Kwenye jengo la Orchard Street namba 97, lililojengwa 1863 na ambalo sasa ni makumbusho ya maisha ya wapangaji, madirisha hayo ya ndani bado yapo.

Ninayapenda kwa sababu yanakubali ukweli. Mwanga ukishaingia nyumbani unaweza kupitishwa kwa mwingine, kama sufuria ya chai. Na hii ni mbinu ambayo bado iko mikononi mwetu. Kipande cha kioo juu ya mlango wa chumba cha kulala ni kazi ya fundi ya siku moja, na mwenye nyumba akigoma bado unaweza kuacha kabati refu lisigawanye bedsita katikati, au ukatumia rafu iliyo wazi pande zote badala ya ukuta wa plaiwudi. Kwa maoni yangu hilo lina faida kuliko taa yoyote ya urembo. Plaiwudi ndiyo adui mkubwa wa bedsita za Nairobi.

Berlin nayo ilikuwa na kisima chake. Kanuni za ujenzi za 1853 ziliruhusu majengo ya kupanga yafuatane, moja nyuma ya jingine, mradi ua wa kati uwe angalau mita 5.34 kwa 5.34. Kwa nini 5.34 hasa? Ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Hakuna aliyepima mtoto anahitaji jua kiasi gani, walipima pampu. Jengo la Meyers Hof, la miaka ya 1870, lilikuwa na nyua sita zilizofuatana na watu kama 2,000 ndani. Mtafiti Marie Huchzermeyer ameandika kitabu kizima, *Tenement Cities*, cha mwaka 2011, kinacholinganisha Berlin ya wakati huo na Nairobi ya sasa, na ukikisoma unapata baridi kidogo mgongoni.

Maana sisi pia tulianza na ua. Dandora ilipopangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wazo lilikuwa viwanja kama 6,000 vya mita mraba 100 hadi 160, kila familia ijijengee vyumba pole pole, ikae kimoja na kupangisha vingine. Nyumba ya chini, anga wazi juu. Miaka ilivyoenda, vyumba vikapandishwa juu ya vyumba. Na hesabu ya ua ni kali: ua wa mita mbili kati ya nyumba za chini ni mahali pa kuanika nguo, lakini ua huohuo wa mita mbili kati ya ghorofa saba ni kisima. Hakuna aliyeupunguza hata sentimita moja. Kuta tu ndizo zilizopanda.

Kuna sehemu ya historia hii inayonuka vibaya, na ni ya hapa hapa. Mwaka wa 1882 Robert Koch alitangaza kule Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka wa 1890 akaeleza kwamba mwanga wa jua hukiua. Ghafla dirisha likawa dawa. Ilikuwa habari njema, na ndiyo iliyowapa nguvu wapiganaji wa sheria ya New York. Lakini ona lugha ya "hewa na mwanga" ilipofika Nairobi ilifanya nini. Profesa W. J. Simpson alizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1913 kuchunguza afya ya miji, na ripoti yake ikapendekeza jamii zitenganishwe kimakazi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Tauni ilikuwa ya kweli na msongamano ulikuwa wa kweli, lakini jibu halikuwa kuwapa watu wa msongamano nafasi na madirisha. Jibu lilikuwa kuwaweka mbali. Mwafrika wa jijini alihesabiwa kama mgeni wa muda, mwanamume wa kitanda kimoja, na kitanda kimoja hakidai dirisha kubwa. Ukiangalia ramani ya leo, palipo na nafasi kati ya nyumba na nyumba ni pale pale palipopangiwa nafasi wakati huo, kwa sehemu kubwa.

Kabla ya Simpson, kabla hata ya Nairobi kuwa mji, kulikuwa na watu wa pwani walioishi kwenye nyumba za ghorofa zenye mitaa myembamba kuliko korido ya ploti, na walilijua giza vizuri. Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, karibu hazina dirisha la maana upande wa barabara. Heshima ya nyumba ilikuwa kufunga macho ya wapita njia. Mwanga waliuingiza kutoka juu, kupitia ua wa ndani unaoitwa kiwanda, kisha ukasafiri kutoka msana hadi msana, kila chumba kikiwa na giza zaidi ya kilichotangulia. Vyumba vilikuwa vyembamba, mita tatu hivi au chini yake, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti zina mwisho wake. Chumba cha mwisho, ndani, kilikuwa cha giza kuliko vyote.

Na huko ndani ndiko walikoweka plasta nyeupe kuliko zote, pamoja na ukuta mzima wa zidaka zilizochongwa, zenye bakuli na sahani za kaure. Wataalamu wana maelezo mengi kuhusu zidaka: heshima, utajiri, usafi wa nyumba. Mimi naongeza langu la mtu wa ploti. Chokaa safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga inaoupata, na sahani ya kaure hung'aa hata kwa taa ndogo. Ukichoma matumbawe upate chokaa, ukapaka chumba ambacho jua halijawahi kukigusa, unajua unachofanya.

Hii ndiyo mbinu ya kwanza ambayo ningemwambia mtu yeyote, na aanze na dari, si ukuta. Mwanga unaoingia dirishani mara nyingi hugonga sakafu kwanza, kisha dari, na dari ndilo linaloutawanya chumba kizima. Rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Ile rangi ya maziwa ambayo malandlodi wengi huipenda kwa sababu haionyeshi uchafu, ikishapigwa na moshi wa jiko miaka mitano, hurudisha kidogo sana. Galoni moja ya nyeupe inaweza kukushangaza.

Weupe wenyewe una historia ndefu. Zamani rangi nyeupe ya kupaka nyumba ilitokana na risasi, ambayo ni sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1910 Norway na Marekani zilianza kutengeneza kwa wingi weupe mwingine unaotokana na madini ya titani, na huo ndio ulioteka dunia. Sasa, kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Kwale ukiwa na madini hayo hayo, ukapakiwa melini pale Likoni na kupelekwa viwanda vya nje. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba kuna dari mahali fulani Ulaya au Asia linalong'arisha chumba chenye giza kwa mchanga wa Kwale. Na sisi tunanunua rangi kwa galoni.

Kioo cha kujitazamia ni mbinu ya pili, na watu wengi hukiweka vibaya. Hukiweka mwisho wa chumba ambako hakuna kitu cha kurudisha isipokuwa giza. Kioo hakitengenezi mwanga. Kiweke kwenye ukuta wa kando karibu na dirisha, kielekee anga hata kama ni kipande kidogo tu, kiutupe mwanga ndani. Wazo hili liliwahi kuwa biashara kubwa. Mwaka wa 1897 kulianzishwa kampuni ya Luxfer kule Chicago, ikiuza vipande vya kioo vilivyochongwa pembe ili kuupinda mwanga wa barabarani uingie hadi nyuma ya maduka marefu. Frank Lloyd Wright, kabla hajawa jina kubwa, aliwachorea michoro ya vipande hivyo. Kwa miaka kadhaa viliwekwa juu ya milango ya maduka na hata kwenye lami ya pembeni ya barabara, ili vyumba vya chini ya ardhi vipate mchana.

Kilichoviua ni stima kuwa rahisi. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo mpangaji alipopigwa chenga bila kusikia.

Kwa historia inayosimuliwa na Kenya Power yenyewe, stima ya huku ilianza kama anasa ya ikulu. Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta mwaka wa 1875 kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaipata mashine hiyo na kampuni ya stima ya Mombasa ikazaliwa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya kuiuzia Nairobi umeme. Watu wengi wa kawaida walibaki na koroboi na taa za chemni kwa miongo mingi baada ya hapo. Kisha mapema miaka ya 1990 wanasayansi wa Japani wakafanikiwa kutengeneza taa ndogo ya LED ya rangi ya samawati yenye nguvu, ambayo bila yake hakuna LED nyeupe, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel mwaka wa 2014. Leo balbu ya wati tisa au kumi hufanya kazi ya ile ya zamani ya wati 60.

Nani atalalamika? Hakuna. Lakini angalia gharama ilikohamia. Dirisha, ua, kioo juu ya mlango, hivyo hulipiwa mara moja na anayejenga. Balbu hulipiwa kila siku na anayekaa. Mjenzi akijua kwamba mpangaji atawasha taa saa nane mchana na tokeni atanunua mwenyewe, mita moja ya ua inageuka kuwa chumba kingine cha kupangisha. Kodi ile ya William wa Tatu ilifutwa 1851, ila ukiwa na mita yako ukutani inayotoa sauti ya tokeni kuisha, ni kama unailipa kwa mtindo mwingine: ukikosa dirisha, unatozwa.

Basi mtu wa ghorofa ya juu ana nini ambacho wengine hawana? Ana paa. Na katika nchi yetu paa ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Kanuni zetu za ujenzi za 1968 zilitokana na zile za Uingereza, nchi ambayo jua lake hutembea chini chini na kuingia dirishani kutoka ubavuni. Nairobi iko karibu digrii moja tu na robo kusini ya ikweta. Saa sita mchana, Machi na Septemba, jua liko karibu juu ya utosi kabisa. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na ndiyo maana dirisha linaloangalia kaskazini hupata jua wakati wa baridi ya Julai na linalotazama kusini hulikosa, jambo la kuuliza kabla hujalipa diposti. Ila mwaka mzima mwanga mwingi wa mchana unatua juu ya paa, si kwenye ukuta. Sisi tunatoboa ukuta.

Mtu aliyeelewa hili vizuri alikuwa fundi makanika wa Uberaba, Brazil, jina lake Alfredo Moser. Mwaka wa 2002, baada ya nchi yake kupitia wakati mgumu wa uhaba wa umeme, alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akaijaza maji, akatia vifuniko viwili vya dawa ya kupausha nguo ili maji yasiote ukijani, akaipenyeza kwenye tundu la paa na kuziba kando kwa gundi isiyopitisha mvua. Nusu ya chupa iko nje juani, nusu iko ndani, na maji yanaupinda mwanga na kuutawanya pande zote. Kwa jua zuri inatoa mwanga kama wa balbu ya wati 40 hadi 60. Kuanzia 2011 Illac Diaz wa Ufilipino aliieneza kwa maelfu ya nyumba, ikasambaa nchi nyingi. Moser hakutajirika kwa hiyo chupa.

Kama ghorofa yako ya juu imefunikwa mabati na siling bodi, unaweza kufanya hivyo, au kubadilisha bati moja kwa lile la plastiki linalopitisha mwanga, na katikati ya mchana utafikiri umehama. Kuna bei yake: joto. Bati lote la plastiki juu ya kitanda ni jiko, kwa hiyo chagua kipande kidogo, kiwe juu ya korido au pembe ya kupikia, na weka chini yake karatasi au kitambaa cheupe kinachotawanya. Kama juu yako ni slabu, hiyo hadithi imeisha. Rudi kwa rangi na kioo.

Lakini mabati hayo si yako, na ruhusa ya kuyagusa inatoka kwa mtu ambaye pengine hujawahi kumwona, kupitia keateka ambaye atakwambia atauliza. Anga nayo? Waingereza, walipoacha kutoza madirisha, tayari walikuwa na sheria ya 1832 inayosema kwamba dirisha likipata mwanga miaka 20 bila kuzuiwa, jirani hana ruhusa tena ya kulifungia kwa kujenga. Ndiyo maana London utaona vibao vidogo chini ya madirisha vikitangaza kwamba mwanga huu ni wa kale. Wakenya wachache wanajua kwamba tuna kitu kama hicho: kifungu cha 32 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, kinasema mwanga na hewa zikitumiwa na jengo kwa amani, waziwazi, kama haki na bila kukatizwa kwa miaka 20, haki hiyo inakuwa kamili.

Miaka 20. Tafuta Pipeline, Zimmerman au Githurai ghorofa ambayo imekaa miaka 20 na jirani wake akiwa bado kibanda. Na hata jirani akitulia, panda ngazi hadi zile za mwisho kabisa, zinazotokea juu ya paa pale nguo zinapoanikwa. Utaona nondo zimeachwa zimesimama kwenye kila nguzo, futi mbili au tatu, zimeshaota kutu, zikisubiri landlodi apate pesa za ghorofa nyingine.